Geoffrey Milne: Mtaalamu wa Amani aliyeusoma udongo wa bondeni kwa kuanzia kileleni

KILA kiangazi madalali wa mashamba hufanya biashara nzuri kwenye tambarare zilizo chini ya milima yetu. Udongo ni mweusi, mlima uko kijani kwa juu, mto uko jirani. Mnunuzi kutoka mjini anaona rutuba tupu. Analipa, anasafisha, na masika yakianza anapanda mahindi. Wiki chache baadaye mahindi yamekuwa ya njano, yamesimama ndani ya maji, na jirani yake wa mita mia mbili kwa juu anapalilia bila wasiwasi.

Wengi hulaumu mbegu. Wengine hulaumu mbolea, au mwenye duka aliyewauzia. Lakini jambo lenyewe lilishaelezwa zamani na mtaalamu aliyeishi na kufanya kazi hapa hapa nchini, kwenye milima ya Usambara Mashariki, na maelezo yake yanafundishwa leo katika vyuo vya kilimo vya nchi nyingi duniani. Aliitwa Geoffrey Milne.

Milne alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1898, na kazi yake ilikuwa kemia ya udongo. Mwaka 1928 alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika wilaya ya Muheza ya leo. Kituo hicho kilikuwa kimeanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kilidorora kwa miaka kadhaa, hadi Waingereza walipokifufua ili kihudumie Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar kwa pamoja.

Kwa hiyo Milne hakuwa mtaalamu wa shamba moja wala wa zao moja. Alitakiwa kuielewa ardhi ya Afrika Mashariki nzima, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

Kila nchi ilikuwa na wataalamu wake wa udongo, kila mmoja akipima kwa njia yake na kutumia majina yake. Udongo ulioitwa hivi Kenya uliitwa vingine Uganda. Mwaka 1932 wakemia hao walikutana Amani kujadili namna ya kufanya kazi kwa lugha moja, na kilichokuja kutokana na ushirikiano wao ni kazi ya kuchora ramani moja ya udongo wa Afrika Mashariki. Milne ndiye aliyeiongoza.

Ramani hiyo ilikuwa ya kipimo cha moja kwa milioni mbili. Maana yake sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita 20 ardhini. Sasa fikiria mtu anayepanda kilima kimoja tu cha Usukumani au cha Muheza. Ndani ya nusu kilomita atakanyaga udongo mwekundu, kisha wa kahawia, kisha wa kichanga chenye rangi ya majivu, kisha mweusi unaong'ang'ania viatu. Utawezaje kuuchora wote kwenye kipande cha karatasi kisichozidi ukubwa wa kichwa cha sindano?

Mwenye haraka angechagua rangi moja na kuacha nyingine. Milne hakukubali njia hiyo.

Mnyororo uliotundikwa kati ya vilima viwili

Alichogundua ni kwamba aina hizo za udongo hazikutawanyika ovyo. Zilikuwa zinafuatana kwa mpangilio ule ule, kilima baada ya kilima, kwa mamia ya kilomita. Kileleni udongo fulani, mteremkoni fulani, bondeni fulani, kisha unapanda kilima cha pili na kuukuta mpangilio huo huo ukirudi nyuma.

Mwenzake aliyekuwa Uganda, W. S. Martin, alikuwa na mfano mzuri sana katika vilima vya Buganda. Vileleni kuna tabaka gumu la mawe ya chuma, mteremkoni kuna udongo mwekundu wenye migomba na kahawa, na chini kabisa kuna kinamasi cha mafunjo. Ukikijua kilima kimoja unavijua elfu.

Milne aliupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mfano wake ni rahisi: ukitundika mnyororo kati ya nguzo mbili, unabonyea katikati, na kila pingili inakaa mahali pake kwa sababu imeshikwa na zile za juu yake. Jina hilo alilichapisha mwaka 1935, mwaka ule ule uliofanyika Mkutano wa Tatu wa Kimataifa wa Sayansi ya Udongo mjini Oxford. Ramani ikatoka mwaka 1936, ikionyesha minyororo badala ya udongo mmoja mmoja.

Mtu anaweza kusema hilo ni suala la wachora ramani. Sivyo. Uzito wake uko kwenye sababu aliyoitoa, na sababu hiyo inamhusu moja kwa moja mkulima aliyenunua shamba jeusi kule chini.

Kabla yake, wengi walidhani udongo mwekundu na udongo mweusi ni lazima uwe umetokana na mawe tofauti. Milne alionyesha kwamba mara nyingine mawe ni tofauti kweli, lakini mara nyingi jiwe ni lile lile kutoka juu hadi chini. Kinachotofautisha ni maji: yanapita wapi, yanakaa wapi, na yanabeba nini.

Chukua jembe lako uliache nje wakati wa mvua. Litashika kutu. Udongo wa mteremkoni ni mwekundu kwa sababu hiyo hiyo: ndani yake kuna chuma, na maji yakishapita hewa inaingia, chuma kinashika kutu, na rangi ya kutu inabaki. Udongo mwekundu ni ushahidi kwamba hapo panapumua.

Kule chini maji hayaondoki. Vijitundu vyote vya udongo vimejaa maji na hewa imefukuzwa. Vijidudu vilivyomo udongoni navyo vinataka oksijeni, na vikiikosa hewani vinainyang'anya kutoka kwenye ile kutu. Chuma kikishanyang'anywa oksijeni kinayeyuka, kinapoteza wekundu wake, na udongo unabaki wa kijivu, pengine wenye kijani au bluu kwa mbali. Mahali penye ufa au tundu la mzizi, hewa kidogo inapenya na kuacha madoa ya rangi ya chungwa.

Ndiyo maana mtu anayejua hutazama kina, siyo uso. Juu, weusi wa mabaki ya majani huficha kila kitu. Chimba shimo la mita moja. Ukikuta kijivu chenye madoa ya kutu kuanzia sentimita 30 au 40, jua kwamba maji hupanda mpaka hapo na kukaa kwa muda mrefu kila mwaka, hata kama siku unayochimba ni kukavu na dalali anakuambia hapajawahi kujaa maji. Madoa hayo hayafutiki kiangazi.

Kinachoteremka kutoka mlimani

Maji yanaposhuka mlimani hayashuki matupu. Yanayeyusha chokaa, magnesi, silika na chumvi kutoka kwenye mawe na kuvipeleka bondeni. Huko, kwa kuwa hakuna pa kutokea, vinajikusanya na kutengeneza mfinyanzi wa aina yake, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Huu ndio udongo wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo ndama anaweza kuvunjikia mguu. Mvua za kwanza zinaingia kwenye nyufa kwa kasi, kisha udongo unavimba, nyufa zinajifunga, na kuanzia hapo maji yanabaki juu kama kwenye sinia.

Mkulima wa mbuga anajua adha yake bila kufundishwa na mtu. Ukichelewa kulima, ni mgumu kama tofali. Ukiwahi sana, ni tope linaloganda kwenye jembe la ng'ombe. Siku zinazofaa ni chache, na kwenye siku hizo kila mtu anataka trekta lile lile. Bei ya kulimisha inapanda, na gharama hiyo aghalabu haimo kwenye hesabu za mtu anayenunua shamba kwa mara ya kwanza.

Palipo na mto unaotoka mlimani kuna jambo la ziada. Mto ukiwa mlimani una nguvu na unabeba mawe, kokoto, mchanga na tope kwa pamoja. Ukifika tambarare nguvu inaisha ghafla. Unaacha kwanza mawe na kokoto pale pale mlimani unapotokea, kisha mchanga, kisha udongo mlaini, na mfinyanzi unaenda mwisho, mbali na mkondo, ambako mafuriko hutulia. Mto nao huhama, kwa hiyo matabaka hupandana. Mashamba mawili yanayopakana, ya bei moja, yanaweza kuwa moja lina mchanga wa mita mbili na jingine lina mfinyanzi uliolalia mchanga.

Tena, si maji yote ya bondeni yanatoka angani au mtoni. Mengine yanapita chini kwa chini kutoka mteremkoni na kuchomoza pale mlima unapoishia. Hapo shamba linaweza kulowa wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Mtu anayechimba mtaro katikati ya shamba anapoteza fedha zake. Mtaro unaotakiwa ni wa kukinga, unaochimbwa kwa juu, mlima unapokutana na tambarare, ili kuyakata maji kabla hayajaingia. Na lazima uwe na pa kumwaga, vinginevyo umejichimbia bwawa.

Mahindi, maharage na miti ya matunda huteseka humo kwa sababu mizizi yake inahitaji hewa. Mbolea nayo inapotea: naitrojeni iliyo katika hali ya naitreti, ikikutana na udongo usio na hewa, inageuzwa na bakteria kuwa gesi na kuondoka. Mkulima anaona majani ya njano, anaongeza mfuko mwingine, nao unakwenda na ule wa kwanza.

Palipo pakavu zaidi hatari ni chumvi. Maji ya chini hupanda kama mafuta ya taa kwenye utambi, yanakauka juu na kuacha ukoko mweupe. Kama chumvi hiyo ni ya magadi, udongo hujifunga kabisa. Mashamba ya namna hiyo yapo katika nyanda za chini za Kilimanjaro na katika bonde la Mkomazi, chini ya milima ya Upare na Usambara.

Mtu wa miguu

Mambo haya Milne hakuyapata mezani. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika akichunguza udongo. Angalia miezi hiyo. Ni kipindi cha mvua katika maeneo ya kati na magharibi, barabara za wakati ule zikiwa tope. Kwa mtu anayetaka kujua maji yanakaa wapi, hakuna wakati mzuri zaidi ya huo, na mimi ningemshauri kila mnunuzi wa shamba afanye safari yake ya kukagua katika miezi kama hiyo.

Wakulima walikuwa na majina ya udongo tangu zamani. Wasukuma, kwa mfano, huita luseni ule wa kichanga wa juu, itogolo ule mgumu unaofuatia chini yake, na mbuga ule mweusi wa bondeni. Majina hayo yanafuata mteremko, kama pingili za mnyororo. Neno mbuga likaingia katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza na limebaki humo.

Aliandika pia kuhusu Usambara yenyewe, mwaka 1937. Msitu wa kule ni mnene, na wenye mashamba makubwa waliamini chini yake kuna rutuba isiyokwisha. Milne alieleza kwamba sehemu kubwa ya rutuba hiyo imo kwenye miti na majani yanayooza, ikizunguka kutoka mti hadi ardhini na kurudi mtini. Fyeka msitu, mzunguko unakatika, na kinachobaki ni udongo uliochujwa na mvua za miaka mingi.

Mwaka uliofuata akaandika kuhusu Bukoba. Pale aliona migomba na kahawa iliyostawi vizuri ikipakana na nyika yenye nyasi dhaifu, wakati udongo wa asili ni ule ule. Tofauti ilikuwa mikono ya watu: samadi, majani na taka za nyumbani zilizorudishwa shambani kizazi baada ya kizazi. Kibanja kilitengenezwa, hakikuokotwa. Nikiwa mchumi naipenda makala hiyo kuliko nyingine zake, maana inaonyesha kwamba rutuba inaweza kuwa mtaji uliowekezwa na familia, na mtaji huliwa usiporudishwa.

Geoffrey Milne alifariki mwaka 1942, akiwa na miaka arobaini na kitu. Vita vilikuwa vinaendelea, na taarifa yake ndefu ya ile safari ya 1935 na 1936 haikuwa imechapishwa. Ilitoka mwaka 1947 katika jarida la ikolojia la Uingereza.

Mwaka huo wa 1947 matrekta yalikuwa yanaingia Kongwa.

Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza unajulikana. Ujumbe uliotumwa mwaka 1946 ulitumia wiki tisa tu kukagua, sehemu kubwa kwa ndege, na ukapendekeza zaidi ya ekari milioni tatu zilimwe. Kongwa mvua zilikuwa za kubahatisha, na udongo ulipokauka uliganda kama saruji, karanga zikanasa ardhini na majembe yakalika. Mpango ulifutwa Januari 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Siwezi kudai kwamba taarifa ya Milne peke yake ingeuokoa mpango ule. Kulikuwa na siasa, njaa ya mafuta ya kula Uingereza, na haraka. Lakini ramani ya udongo ilikuwepo tangu 1936, na mafunzo yake makubwa, kwamba udongo hubadilika ndani ya hatua chache na kwamba lazima ushuke ukauchimbe, yalikuwa yameandikwa. Ndege haionyeshi madoa ya kutu ya sentimita 40 chini ya ardhi.

Wengine walimsikiliza. Wapimaji wa udongo wa Marekani waliichukua katena na kuitumia katika ramani zao, na hadi leo ni neno la kawaida katika fani hiyo.

Bei ya udongo mweusi

Turudi kwa mnunuzi wetu na mahindi yake ya njano. Shamba lake si baya. Amelipanda zao lisilolifaa. Kile kinachoua mahindi, yaani mfinyanzi usiopitisha maji, ndicho mkulima wa mpunga anachokitafuta. Akilima ndani ya maji na kuvuruga tope, anazidi kuziba vijitundu vya udongo na majaruba yanashika maji bila kuvuja. Mpunga una njia ya kupeleka hewa kutoka majani hadi mizizi, kwa hiyo kukosa hewa ardhini hakuusumbui.

Lower Moshi, chini ya Kilimanjaro, mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987 uligeuza tambarare za namna hiyo kuwa mashamba ya mpunga. Ila hata hapo mnyororo ulijionyesha: wakulima wa juu ya mifereji waliona faida, nao wakaanza mpunga, na maji yaliyofika chini yakapungua. Anayenunua jaruba chini ya mlima ananunua pia tabia za majirani zake wa juu, na hilo haliandikwi kwenye hati ya mauziano.

Kwa asiye na maji ya kutosha kwa mpunga, mbuga huweza kuchukua pamba au dengu zinazopandwa mvua zikielekea kukatika, zikikua kwa unyevu uliobaki ardhini. Mboga zinataka matuta ya juu. Mwenye ukoko mweupe shambani asinunue mbolea kabla ya kupima, kwa sababu magadi hutibiwa kwa jasi na kwa kuyatoa maji, na bila mtaro jasi peke yake ni fedha iliyotupwa.

Kituo cha Amani hakikudumu na kilimo. Baada ya vita utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulihamishiwa Muguga, nchini Kenya, na majengo ya Amani yakaja kutumiwa na watafiti wa malaria. Kazi ya kupima udongo, hata hivyo, haikwenda mbali sana na Usambara. Inafanyika Mlingano, wilayani huko huko Muheza, kwenye nyanda za chini ya milima ile, ambako mkulima anaweza kupeleka sampuli yake ikapimwa.